Chumba cha kuchomoza kinachovutwa kwa kebo: je, kinategemeka?

Katika barabara kuu za Marekani upana wa gari hauruhusiwi kuzidi inchi 102, yaani futi 8 na nusu, bila kibali maalumu, na kipimo hicho ndicho kinachotawala maisha ya kila anayeishi ndani ya trela la makazi. Ukiondoa unene wa kuta, kabati za upande mmoja na kochi la upande wa pili, kinachobaki katikati ni kijia ambacho watu wawili hawapishani bila mmoja wao kukaa ubavu. Ndiyo sababu watengenezaji wakabuni chumba cha kuchomoza: kipande cha nyumba chenye sakafu, paa na kuta zake, ambacho hutoka nje ya ubavu wa trela likishaegeshwa na kurudi ndani kabla ya safari. Chumba hicho kikitoka futi chache tu, sebule inakuwa sebule kweli, na meza ya chakula inapata mahali ambapo si njia. Lakini kikigoma kurudi, trela zima limefungwa pale lilipo, hata kama mwenye eneo anataka uondoke kesho yake asubuhi na kazi inakusubiri jimbo jingine.

Naandika tathmini hii nikiwafikiria hasa wenzetu walioko Amerika Kaskazini ambao kazi zao haziwaachi wakae mahali pamoja. Wapo wauguzi wengi kutoka Kenya na Tanzania wanaofanya kazi kwa mikataba ya muda, ambayo kwa kawaida huwa ya wiki 13, na baadhi yao wameona kuwa kununua trela na kulihamisha kutoka mji hadi mji kunawafaa kuliko kupanga nyumba yenye samani kila mara. Mke wangu ni mmoja wao. Trela letu lina chumba kimoja kikubwa cha sebuleni ambacho huvutwa kwa kebo za chuma, na kwa misimu kadhaa mimi ndiye ninayekitunza, katika barafu ya majimbo ya kaskazini na katika vumbi la Arizona. Swali ninaloulizwa mara kwa mara na jamaa wanaotaka kununua ni lile lile: "Kaka, hizo waya hazitakatika siku moja tukashindwa kuondoka?" Ni swali la haki, na jibu lake linahitaji kwanza kuelewa mtambo wenyewe unavyofanya kazi.

Mfumo wa kebo ni mwepesi kuliko mtu anavyotarajia akiona ukubwa wa chumba kinachotembea. Mota moja ya umeme wa volti 12, pamoja na gia zake za kupunguza mwendo, hufungwa ndani ya ukuta, mara nyingi juu ya uwazi ambamo chumba hupita. Mota huzungusha sproketi, yaani gurudumu lenye meno, sproketi huvuta cheni, na ncha za cheni zimeunganishwa na kebo. Kebo hizo hupita ndani ya fremu ya uwazi, zikigeuzwa njia na puli ndogo, hadi zitokeze karibu na kila pembe ya chumba. Kila pembe ina kebo mbili. Moja imefungwa kwenye ukingo wa ndani wa ukuta wa chumba, na ikivutwa hukitoa chumba nje. Ya pili imefungwa kwenye ukingo wa nje, na ikivutwa hukirudisha. Pembe nne, kebo nane. Kwa kuwa kebo hujua kuvuta tu wala haijui kusukuma, kila moja inamtegemea mwenzake wa upande wa pili: hii ikikaza, ile inalegea kwa kiasi kile kile, na mizani hiyo ndiyo inayokifanya chumba kitembee bila kwenda mshazari. Mfumo wa aina hii unaofahamika zaidi sokoni ni Accu-Slide wa BAL, ambayo ni tawi la Norco Industries, na umefungwa katika matrela ya kampuni nyingi. Kuhusu trela letu sitataja jina la kampuni yoyote, kwa sababu ninayoyaeleza yanatokana na asili ya kebo na puli, na mahali pengine na namna fundi wa kiwandani alivyovifunika.

Ili kuipima kebo kwa haki, lazima iwekwe karibu na wenzake. Mtindo wa zamani ni ule wa mikono ya chuma yenye meno inayopita chini ya sakafu na kuendeshwa na gia, pande zote mbili zikiunganishwa kwa mhimili mmoja. Ni imara mno, na ningeuchagua bila kusita kwa chumba kilichobeba jiko zima na jokofu, lakini ni mzito na unakula nafasi chini ya sakafu, mahali ambapo matangi ya maji safi na maji machafu nayo yanataka kukaa. Haidroli, yaani mfumo unaosukumwa na mafuta yenye shinikizo, ina nguvu kuliko zote na huonekana zaidi kwenye matrela makubwa na ya gharama. Adui yake ni uvujaji wa mafuta. Kisha kuna mfumo wa Schwintek, ambao kampuni ya Lippert Components iliununua mwaka 2010: reli nyembamba zenye meno hufungwa kwenye kuta za pembeni za chumba, na kila upande una mota yake. Ni mzuri kwa macho na hauchukui nafasi, ila mota mbili zinapaswa kwenda sambamba, na kazi ya kuzilinganisha imekabidhiwa kompyuta ndogo inayohesabu mizunguko ya kila moja. Upande mmoja ukichelewa, kompyuta inasimamisha kila kitu na kutoa alama ya hitilafu ambayo mtumiaji wa kawaida hawezi kuisoma bila kitabu.

Hapo ndipo kebo inapoonyesha ubora wake wa kwanza. Mota ni moja, kwa hiyo hakuna kompyuta ya kulinganisha chochote, na pembe zote nne huvutwa na cheni zinazoendeshwa na mota hiyo hiyo. Ubora wa pili ni uzito: hakuna mihimili ya chuma chini ya sakafu, wala fremu ya trela haihitaji kutobolewa. Ubora wa tatu, ambao kwangu ndio mkubwa kuliko yote, ni kwamba mfumo huu ukianza kuchoka hujitangaza. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu hukumu yangu nzima imesimama juu yake.

Kebo zinazotumika katika kazi za kupita kwenye puli kwa kawaida husukwa kwa nyuzi nyingi nyembamba za chuma badala ya chache nene. Msuko unaojulikana kama 7 kwa 19 una mafungu 7, kila fungu likiwa na nyuzi 19, jumla nyuzi 133. Msuko wa 7 kwa 7 una nyuzi 49 tu, na ingawa unahimili mkwaruzo vizuri zaidi, haupendi kukunjwa. Kila mara kebo inapopita juu ya puli, nyuzi za upande wa nje wa mkunjo hunyooshwa na za ndani hubanwa, na puli inavyokuwa ndogo ndivyo adhabu hiyo inavyozidi. Ukutani mwa trela hakuna nafasi ya puli kubwa. Kwa hiyo kebo haichakai sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho: huchakaa pale pale inapojikunja, kama henza ya jahazi inavyolika kwenye kapi huku sehemu yake iliyobaki ikiendelea kuonekana mpya. Mtu anayetazama katikati ya kebo na kuridhika kuwa inang'aa hajatazama kitu. Inapasa kutazamwa ile sehemu inayolala juu ya puli chumba kikiwa kimesimama, yaani mahali inapokaa kwa wiki nyingi ikiwa imekunjwa na kukazwa, na pia pale inaposhikana na cheni au na ncha yake yenye hesi.

Dalili ya kwanza ni uzi mmoja uliokatika na kusimama kama mwiba. Usipitishe kidole kuutafuta, kwa maana unachoma vibaya. Pitisha kitambaa cha pamba taratibu juu ya kebo, na pale kitambaa kitakaponasa, pana uzi uliokatika. Kebo za ndani hukaguliwa chumba kikiwa kimerudi, na za nje chumba kikiwa kimetoka, kwa sababu katika nafasi hizo ndipo sehemu yake kubwa zaidi inapokuwa wazi mbele ya macho. Kazi hii haihitaji fundi wala fedha. Kebo yenye uzi mmoja uliokatika haitadondosha chumba chako usiku huo, lakini imekwisha kukupa taarifa, na mwenye busara huagiza nyingine mapema, kabla nyuzi zilizobaki hazijaelemewa na kazi ya zile zilizokwenda.

Kinachowasumbua wamiliki wengi kwa kweli si kukatika bali kulegea. Kebo yoyote ya chuma iliyosukwa ikiwa mpya hurefuka kidogo katika siku zake za kwanza za kazi, kwa kuwa nyuzi na mafungu yake yanajipanga na kukaa mahali pake chini ya mzigo. Hii si kasoro. Ni tabia ya kitu kilichosukwa, na kila anayekinunua chumba cha aina hii akiwa hajaambiwa habari hiyo ataona, baada ya safari chache, pembe moja inachelewa kufunga, mwanga mwembamba unaingia juu ya mpira wa kuzuia maji, au chumba kinatoka kikiwa kimetangulia upande mmoja. Wengi huhitimisha hapo kwamba mtambo ni mbovu. Mtambo unataka kukazwa, na kukazwa kwenyewe ni kwa nati mbili zilizo kwenye ncha ya kila kebo: moja ya kurekebisha na nyingine ya kuifunga ya kwanza isirudi.

Utaratibu wa kukaza unataka subira kuliko nguvu. Chumba kikiwa kimerudi ndani kabisa, zunguka nje ukiangalia mpira wa pembe zote nne. Pembe isiyogusa ndiyo ambayo kebo yake ya nje imelegea. Kikiwa kimetoka kabisa, fanya vivyo hivyo ukiwa ndani, ukitazama jinsi ukingo wa ndani unavyolala ukutani. Nati izungushwe nusu mzunguko, chumba kitembezwe kutoka na kurudi, kisha utazame tena. Anayezungusha mara nyingi kwa mkupuo mmoja huiharibu mizani niliyoieleza juu, kwa kuwa kebo iliyokazwa kupita kiasi humkaza na mwenzake, na mzigo wa ziada hauendi kokote isipokuwa kwenye puli, kwenye cheni na kwenye mota. Unapozungusha nati, ncha ya kebo ishikwe kwa spana ya pili isije ikajizungusha na kufungua msuko wake. Nimeona katika eneo moja la kuegesha kebo iliyofumuka kwa sababu hiyo tu, na haikuwa imefikia umri wa kuchoka.

Jambo jingine ambalo halielezwi vya kutosha wakati wa kuuza ni kwamba kebo hazibebi chumba. Zinakivuta tu. Uzito wote hulala juu ya sakafu, kwenye roda ndogo au vipande vya plastiki ngumu vilivyowekwa kwenye kizingiti cha uwazi, na vikichakaa au vikijaa mchanga, sakafu hukwaruza na kebo hulazimika kuvuta zaidi ya kile zilichokusudiwa. Kwa sababu hiyo hiyo ninawasihi wanaoishi humo kwa muda mrefu wasiufanye upande wa kuchomoza kuwa ghala. Magunia ya mchele, mashine ya kushona, masanduku ya vitabu vya watoto na mabegi ya zawadi yanayosubiri safari ya nyumbani, vyote hivyo viwekwe mbele ya ekseli za trela au upande ulio imara, kwa kufuata kipimo cha uzito kilichoandikwa na mtengenezaji. Kebo zimepangiwa uzito wa chumba na samani zake za asili. Kila kilichoongezwa juu ya hapo kinalipwa na nyuzi zile 133.

Kuhusu umeme nitasema kwa kifupi. Mota ya volti 12 inayopata umeme hafifu huzunguka kwa kusuasua, hupata joto na wakati mwingine husimama katikati ya njia, na watu huanza kuzilaumu kebo ambazo hazina kosa. Betri iwe imejaa, au trela liunganishwe kwanza na umeme wa eneo la kuegesha. Trela nalo lisawazishwe kwa jeki na pimamaji kabla ya chumba kuguswa, kwani fremu iliyojipinda huufinya uwazi. Katika mitambo mingine mtumiaji mwenyewe ndiye anayeachia swichi chumba kinapofika mwisho. Anayeendelea kuibonyeza kwa kutaka uhakika anazinyoosha kebo bila faida yoyote.

Hali ya hewa ina uzito kuliko nilivyotazamia kabla ya kuishi nayo. Anayesafiri mwishoni mwa juma hukitoa chumba na kukirudisha mara nyingi, lakini kebo zake za nje huona jua kwa saa chache tu. Familia inayokaa wiki 13 mahali pamoja hukitembeza chumba mara chache mno, na kebo zile za nje, ambazo katika mifumo mingi hulala wazi kwenye ubavu wa chumba, hupigwa na mvua, jua na upepo kwa majira mazima. Kwa hiyo wasomaji wa aina yetu wasipime umri wa kebo kwa kuhesabu safari. Chumvi inayomwagwa barabarani majira ya baridi hurushwa na magurudumu hadi kwenye kizingiti na puli za chini, hutafuna lile tabaka la zinki linaloikinga kebo, na kutu huanzia ndani ya msuko ambako macho hayafiki. Tukifika mahali pa kukaa baada ya barabara zenye chumvi, huwa naziosha puli za chini kwa maji safi kabla ya jambo lolote. Barafu juu ya paa la chumba iondolewe yote kabla ya kukirudisha, kwa kuwa kipande kimoja kilichoganda kwenye puli kinatosha kuitoa kebo kwenye njia yake. Kwenye nchi ya vumbi tatizo ni grisi: grisi nzito hukusanya mchanga, na mchanga uliochanganyika na grisi hula chuma. Vilainishi vikavu vinafaa zaidi, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji wa mtambo husika.

Sasa niyaeleze yaliyotupata. Katika ukaguzi wa kawaida kitambaa kilinasa kwenye kebo ya nje ya pembe ya juu ya nyuma, karibu na puli, na nyuzi zilizokatika zilikuwa zaidi ya moja. Chumba kilikuwa bado kinatembea vizuri, wala hapakuwa na sauti yoyote ya ajabu. Kebo yenyewe ni kifaa rahisi, kisicho na elektroniki, na kuipata hakukuwa shida. Shida ilikuwa kuifikia. Mota na cheni zilikuwa nyuma ya ubao wa urembo ambao kiwanda kiliufunga kwa gundi na misumari midogo ya mashine, kana kwamba hakuna atakayehitaji kuufungua maisha yote ya trela, na karibu yake palikuwa na kabati lililofungwa kwa skrubu kutoka upande wa ndani. Gereji ya kwanza tuliyoiendea ilitaka tuliache trela kwa wiki kadhaa, maana yake ni kwamba familia ihamie hotelini huku mkataba wa kazi ukiendelea. Fundi wa pili, mzee mmoja mtulivu anayezunguka kwenye maeneo ya kuegesha akiwa na gari lake la vifaa, aliubandua ubao ule kwa kisu chembamba na subira, akabadilisha kebo, akalinganisha pembe zote, na alipoondoka akaurudisha ubao kwa skrubu nne zinazoonekana. Si wa kupendeza kama ulivyokuwa. Sasa hata mimi naufungua kwa bisibisi, na kwa jambo hilo moja trela letu lina thamani kubwa kuliko siku lilipotoka kiwandani.

Tukio hilo ndilo lililonipa hukumu ninayoitoa hapa bila kusitasita: mfumo wa kebo unategemeka kwa kiwango kile kile ambacho unafikika. Kebo huchoka hadharani. Hulegea kidogo kidogo, hukatika uzi baada ya uzi, hukiinamisha chumba kabla ya kukikwamisha, na mtu mwenye kitambaa na tochi anaweza kuyaona hayo yote mapema kuliko kompyuta yoyote itakavyotoa alama ya hitilafu. Lakini mtengenezaji wa trela akizifunika puli, akaigandisha mota kwa gundi, akaziweka nati nyuma ya kochi lisilotoka, faida hiyo yote anampokonya mnunuzi, na mfumo ulio mwema unageuka kuwa mtego. Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaosema kebo ni duni kwa sababu tu ni kebo, wala sikubaliani na wauzaji wanaosema hazihitaji matunzo. Kwa chumba chenye kochi, meza au kitanda, kilichojengwa kwa namna inayofikika, nitaichagua kebo tena kwa moyo mweupe. Kwa chumba kirefu kilichobeba jiko, jokofu na kabati zilizojaa vyombo, nitatafuta mikono ya chuma yenye meno au haidroli, hata kama trela litakuwa zito zaidi.

Kebo ikikatika kabisa safarini, hali si ya kukata tamaa. Kwa kawaida mota ya mfumo huu ina mahali pa kuizungusha kwa spana au drili endapo umeme haupo, na kebo saba zilizobaki zinaweza kukirudisha chumba huku watu wawili wakiisukuma kwa mikono ile pembe isiyo na kebo, polepole na kwa kupokezana macho ya ndani na nje. Pembe hiyo haitabana mpira wake vizuri, kwa hiyo ifunikwe dhidi ya mvua, izuiwe isitikisike, na safari iwe ya kufika kwa fundi tu. Cheni ikitoka kwenye sproketi ni shauri jingine: hapo usilazimishe chochote kwa mota, maana kebo zitajisokota, na gharama itakuwa kubwa kuliko ya cheni yenyewe. Jifunze mahali ilipo sehemu ya kuizungusha mota siku unayolipokea trela, mchana, muuzaji akiwa amesimama kando yako. Usiku wenye mvua si wakati wa kuanza kuitafuta.

Kwa anayenunua jipya, sharti langu la kwanza ni kumwomba muuzaji aifungue sehemu ya mota mbele yako. Akichukua bisibisi na kuifungua, vizuri. Akisema haifunguki, mshukuru na uende kwa trela jingine. Pili, chumba kitembezwe kutoka na kurudi zaidi ya mara moja huku wewe ukiwa nje, ukitazama kama pembe nne zinafika pamoja. Tatu, omba iandikwe kwenye karatasi za mauzo kwamba kebo zitakazwa bila malipo baada ya kipindi cha kwanza cha matumizi, kwa kuwa kurefuka kwake ni jambo linalojulikana, na dhamana za matrela mengi ni za mwaka 1 tu, chache zikiwa za miaka 2. Muuguzi ambaye trela lake liko jimbo jingine kila baada ya miezi mitatu aulize pia kama dhamana hiyo inaheshimiwa na gereji yoyote iliyoidhinishwa au ni pale tu alipolinunulia. Swali hilo limewagharimu wenzetu kadhaa safari ndefu ya kurudi walikotoka.

Kwa anayenunua lililotumika, mambo ni mepesi kuliko yanavyoonekana, kwa sababu kebo hazifichi historia yake. Nenda na kitambaa chako, tochi na pimamaji. Hesi za kwenye ncha za kebo zikionyesha nati zimesogezwa hadi mwisho kabisa wa nafasi yake, kebo zimekwisha kurefuka na hazina tena mahali pa kukazwa. Hesabu seti nzima ya nane pamoja na kazi ya fundi, na uiondoe hesabu hiyo kwenye bei kabla ya kuonyesha fedha. Sakafu ya chumba karibu na kizingiti ikanyagwe kwa kisigino: ikibonyea, maji yameingia kwa muda mrefu kupitia pembe iliyokuwa haifungi, na hapo tatizo limeshavuka kebo na kuingia kwenye mbao. Trela la namna hiyo liache, hata mwenye nalo akikupunguzia nusu ya bei.